Kabla Shemeji Hajapigwa Picha ya Shingo

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo dada. Ukiipokea barua hii tafuta pa kukaa kwanza, maana ni ndefu, na ukianza kuisoma umesimama jikoni utaunguza wali. Mnaendeleaje huko Kilwa? Magoti ya Mama bado yanamsumbua? Na lile paa la jikoni lililong'olewa na mvua, mmeshaliezeka? Sisi huku tupo. Siwezi kuandika kwamba hatujambo halafu nikakusimulia haya ninayotaka kukusimulia, kwa hiyo naishia hapo: tupo.

Barua yako nilipewa na kondakta wa basi la Kilwa, imeloa ukingoni, kasema walilala ng'ambo ya Rufiji wakisubiri kivuko. Nimeisoma mara nyingi. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mbona siku hizi sipigi simu, na huku Bongo vibanda vya simu vimejaa kila kona. La pili, kama ni kweli anavyosema mumeo, Shemeji Bakari, kwamba kipimo cha MRI cha shingo ni kuzikwa mzima mzima ndani ya bomba na kudungwa sindano ya sumu, na kwamba yeye haji Dar ng'o, bora ganzi ya mkono imuue huko huko.

La simu nikujibu upesi. Sauti yangu imekwenda, dada. Iliyobaki inakwaruza kama ya kuku mwenye kideri. Ningekupigia ungejua kabla sijamaliza salamu, na ungeangua kilio pale posta watu wanakutazama. Ndiyo maana nimeona niandike.

La pili ndilo refu. Mimi mwenyewe nimeingia kwenye mashine hiyo, mara mbili, na sijui kulieleza ila kwa kukuhadithia yaliyonikuta. Yale yanayomhusu Shemeji msomee. Yangu mengine yasome peke yako, mlango umeufunga. Utayatambua ukiyafikia.

Ule uvimbe nilikuandikia ulipokuwa kama kokwa la ukwaju, chini ya taya la kulia. Nilipaka kila nilichoambiwa nipake. Ukawa kama ndimu. Halafu sauti ikaanza kukatika. Nawe unajua kazi yangu ni sauti. Kariakoo uliyoiona ulipokuja kwenye harusi yangu siyo hii. Siku zile mtu alisikia kuna doti za kanga mahali, anakimbilia foleni. Sasa mizigo inashuka kutoka Dubai na China kila wiki, nyumba za udongo zinabomolewa zinajengwa ghorofa, kila mlango duka, na mbele ya kila duka wamachinga wametandaza vyao chini. Usipomwita mteja, anapita. Mama Hansa, mwenye duka ninalouza vitenge, alikuwa akisema kwamba Zuhura akiita, aliye mtaa wa Msimbazi anageuka. Yeye ni Mhindi mjane, kazaliwa hapa hapa Kariakoo, na Kiswahili chake cha mtaani kinanishinda mimi niliyezaliwa Kilwa.

Siku moja nikamwita mteja, ikatoka pumzi tupu. Mama Hansa akaweka chini futi yake ya kupimia, akanigeuza shingo kwenye mwanga.

"Zuhura, hii si ya kupaka bizari tena," akasema. "Kesho usije dukani. Ukija nitakufukuza."

Hospitalini walivuta majimaji ya uvimbe kwa sindano, majibu yakaja hayaeleweki. Daktari, mtu mzima mpole, akaniambia anataka kuuona mzizi. Akasema eksirei itamwonyesha mifupa, lakini kwenye shingo kuna vitu vingi laini vimebanana, koo, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na kwa hivyo vyote picha nzuri ni ya MRI. Tena akataka nitiwe dawa kwenye mshipa katikati ya kipimo, ili uvimbe ung'ae pichani, ajue unaishia wapi na umeshikana na nini.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Haiumi. Inachosha, na wengine inawaogopesha. Ni sumaku kubwa, basi. Haina hata ile mionzi ya eksirei."

Zamani kipimo hicho wenye uwezo walikifuata Nairobi au India, wasio nacho walikufa bila kupigwa picha. Siku hizi hospitali za watu binafsi zimeota mjini, na mojawapo ina mashine hiyo. Namna tulivyochanga gharama tuyaache. Kwanza nilitolewa damu, wapime figo. Dawa ile ikishafanya kazi yake inatolewa na figo kwenye mkojo, na figo zikiwa mbovu hawakutii dawa hivi hivi, wanafikiri mara mbili. Kwa hiyo sukari ya Shemeji, ile anayosema imekwisha kwa sababu ameacha kunywa soda, aitaje. Na kama kuna sindano au dawa iliyowahi kumvimbisha uso au kumbana kifua, aitaje pia.

Siku ya kipimo Saidi aliacha kazi akanisindikiza. Nadhani nilikuandikia kwamba kile kiwanda cha nguo kiliuzwa, na wao wakapunguzwa kundi zima. Tangu hapo mume wangu anakaanga samaki Feri. Ni kazi ya halali na haoni aibu, lakini nikwambie, miezi ile nilikuwa siwezi kukaa naye karibu. Akirudi na ile harufu ya mafuta ya samaki natapika mpaka nyongo. Nilidhani uvimbe umeanza kutuma sumu tumboni. Nikamwambia awe anavua nguo uani kabla hajaingia ndani. Alizivua, akazitundika kwenye kamba.

Pale kwenye kipimo tulipokewa na binti mmoja anaitwa Anitha, ndiye anayeendesha ile mashine. Saidi akabaki kwenye benchi, mimi nikaingizwa kachumba kadogo. Akanivua kila chenye chuma: pini za ushungi, hereni, bangili, kipini, saa, mpaka sidiria kwa sababu ya vikulabu vyake. Nikapewa gauni la hospitali. Akauliza kama nina hirizi. Nikamwambia sina, akasema huwa wanaficha, na nyingine zimefungwa kwa waya. Halafu maswali. Umewahi kupasuliwa? Una chuma chochote mwilini? Una mashine ya moyo? Kitanzi cha uzazi? Umewahi kurukiwa na kipande cha chuma jichoni?

Hapo nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nauza vitenge."

Yeye hakucheka. "Mama, mafundi wa kuchomelea wa mtaa wa Gerezani wanakuja hapa wameshasahau. Kipande kidogo kama chembe ya mchanga, kimekaa jichoni miaka na miaka hakimsumbui. Sumaku ile ikikigusa kinasogea. Mtu anaweza kutoka mle jicho limekwenda."

Dada, nilimwona Shemeji mbele yangu. Unakumbuka siku aliyokuwa anachomelea geti la madrasa bila miwani, cheche ikamrukia, akafungwa kitambaa jichoni akawa anapapasa ukuta kwenda msalani? Alisema kichuma kimetoka chenyewe. Nani alikiona kikitoka? Naomba hili umsomee mara mbili, na usimwachie aseme mwenyewe, maana namjua, atasema hana kitu ili aonekane mwanamume na apite upesi. Wewe ndiye useme. Watampiga kwanza eksirei ya macho, ni kitu kidogo tu. Wakikuta salama ataingia. Wakikuta kipo, watatafuta kipimo kingine. Hakuna aibu yoyote hapo.

Sasa funga mlango.

Yule binti akaniuliza, "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Nikamwambia sikumbuki. Imepotea.

"Imepotea tangu lini?"

"Tangu nianze kuumwa sana. Huu ugonjwa umevuruga kila kitu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, una mimba?"

Wewe unajua, dada. Unajua zile mbili zilizotoka mwanzoni mwa ndoa, na unajua ukimya uliofuata. Unajua mizizi niliyochemshiwa na mama mkwe, na wanawake walioacha kunikaribisha kwenye arobaini za watoto wao wakiogopa jicho langu. Nilikuwa nimeshaacha kuhesabu siku. Nilimwambia yule binti, "Mimi sizai." Nilimwambia hivyo hivyo, kama mtu anavyosema mimi si wa hapa.

Akasema, "Sawa. Lakini tupime mkojo kwanza. Dawa hii siwezi kukutia bila kujua."

Nikapimwa. Akarudi na kile kijiti ameshika kwa ncha za vidole, na uso wake haujui ukae vipi, ufurahi au usikitike. Mistari ilikuwa miwili. Nikamwomba anionyeshe tena. Kisha nikakaa chini sakafuni na lile gauni lao, na ile sauti yangu mbovu ikatoa kitu ambacho si kilio wala kicheko.

Daktari akaitwa. Saidi akaitwa. Tukawa wanne katika kile kichumba, nguo zangu zimekunjwa juu ya stuli. Daktari akaeleza taratibu. Sumaku yenyewe, alisema, hawajaona ikidhuru mimba. Lakini dawa ya kung'arisha picha inavuka inamfikia mtoto, na mimba changa hawaitii dawa hiyo isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa. Anaweza kupiga picha bila dawa, atapata atakachopata. Au nikubali dawa, nikijua ninachokubali. Akasema uamuzi ni wetu, akatoka, akatuacha tuzungumze.

Saidi alikuwa amenishika mkono, ameubana kwa nguvu. Nilidhani ni furaha. Akasema, "Wakutie dawa."

"Saidi."

"Wakutie dawa, Zuhura. Mtoto tutamtafuta tena. Wewe nikutafute wapi?"

"Tumemtafuta miaka yote hii," nikamwambia. "Kaja leo. Mimi nimfukuze leo leo?"

"Hakuna aliyesema umfukuze."

"Umesikia dawa inamfikia."

Akaegemea ukuta, akafuta uso kwa mikono yote miwili. Sijawahi kumwona vile, hata siku aliyokuja na ile barua ya kupunguzwa kazi. Mwisho akasema, "Basi wakupige bila dawa. Lakini siku nikikuzika, usiniambie sikusema."

Nikaingia bila dawa. Sasa hapa mwite Shemeji, haya yanamhusu.

Mwambie si kaburi. Kaburi halina taa wala feni. Unalazwa chali juu ya kitanda chembamba, kichwa kinawekwa kwenye kitu kama kidau kidogo, halafu juu ya uso na shingo wanakufunika kofia ya plastiki yenye matundu, unaona nje. Hiyo kofia ndiyo inayotisha kuliko bomba. Masikioni unawekewa pamba na vifuniko, mkononi unapewa mpira wa kubinya: ukibinya, wanakutoa wakati wowote. Halafu kitanda kinasukumwa ndani mpaka kifuani. Afumbe macho kabla hajaingia, si akishaingia. Mimi nilichelewa, nikaona dari ya bomba iko karibu na pua, nikabinya mpira. Wakanitoa. Anitha akanipa maji, akanikunjia kitambaa nikafunika macho, tukaanza upya. Hakunigombeza.

Kelele zake ni za Gerezani tupu, wale wanaogonga mabati kutengeneza masanduku. Zinagonga, zinanyamaza, zinakoroma, zinagonga tena. Yeye ni fundi, atahisi yuko kazini. Kazi kubwa ni kutotikisika. Shingo ni mahali pabaya kwa hilo, kwa sababu hata kumeza mate kunatikisa picha, na mtu ukiambiwa usimeze, mate yote ya dunia yanakuja kinywani mwako. Ameze kelele zikinyamaza. Asikohoe, asijaribu kuongea na watu wa nje. Kama mgongo unamuuma kulala chali, aseme mapema wamwekee mto chini ya magoti. Ni muda wa kutosha kuchoka, si wa kufa.

Sasa rudi peke yako.

Picha ilitoka, daktari akaitazama kwenye ule ubao wa mwanga. Akasema anaona ukubwa, haoni umeshikana na nini. Akashauri tungoje mimba ikomae kidogo, halafu tuzungumze habari ya upasuaji, na nikiona napumua kwa shida nirudi siku hiyo hiyo.

Nikarudi nyumbani na kokwa mbili mwilini, moja shingoni na moja tumboni, zote zinakua. Hatukumwambia mtu. Mama Hansa ndiye alijua, kwa sababu aliniona naficha ndimu za kulamba mfukoni. Hakupiga kelele. Alinitoa mbele ya duka akanikalisha kwenye stuli nyuma, niwe nakunja vitenge tu, akaajiri msichana wa kuita. Saidi akaanza kuoga kule kule Feri, kwa sabuni, akifika nyumbani ananukia kama bwana harusi. Kisha siku moja akaja na beseni jekundu la plastiki, haya ya Kichina, la kumwogeshea mtoto. Nikamwambia ni mapema, si vizuri kununua kitu mapema. Akasema lilikuwa linauzwa chini mbele ya soko, limekaa vizuri, kashindwa kulipita. Akalipandisha juu ya kabati.

Dada, nilikuwa na furaha. Nataka mtu mmoja duniani ajue hilo. Shingo inauma, chakula hakipiti, sauti inaisha, na nilikuwa na furaha kama mwizi, nakunja vitenge nachekea ukuta.

Mimba ilitoka dukani. Ilikuwa kabla ya adhuhuri, wateja wamejaa. Nikahisi maumivu ya kiuno, kisha joto miguuni. Mama Hansa alinitazama mara moja, akavuta mlango wa bati mpaka chini na wateja wamo ndani, akawaambia, "Samahani wapendwa, tuna mgonjwa, pitieni uani." Akanifunga kitenge kipya cha kuuza, wala hakuangalia ni cha aina gani. Tulipofika zahanati ilikuwa imeshakwisha.

Saidi aliporudi alinikuta nimelala. Alilishusha lile beseni kutoka juu ya kabati, akaenda nalo uani, akafulia mashuka. Wanawake wa nyumba yetu walisimama mlangoni kila mmoja kwake wanamtazama mwanamume anafua damu, na hakuna aliyemcheka.

Mama mkwe alikuja kutoka Magomeni akasema ni ile mashine. Nilipomuuliza daktari, akasema hapana, mimba changa nyingi hutoka zenyewe, na mimi zilishanitoka mbili kabla ya mashine yoyote. Mchana namwamini daktari. Giza likiingia namwamini mama mkwe. Usimwambie Shemeji hili, asije akapata sababu. Nakuandikia kwa sababu nikikuficha itaniozea moyoni.

Baada ya damu kukauka wakanipima tena mkojo, wakanipima tena figo, nikarudi kwa Anitha. Aliponiona alisimama. Aliuliza yale maswali yote upya, moja moja, na alipofika kwenye lile aliinamisha kichwa, akauliza polepole. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Pole sana mama." Kisha akaniwekea kile kisindano cha mshipa mkononi, akakibandika plasta, na safari hii akapiga picha kwanza bila dawa, halafu akaja ndani akasema, "Sasa naitia. Utasikia baridi."

Mwambie Shemeji kuhusu hiyo sumu yake. Ni baridi inayopanda mkononi kama maji ya mtungi, kinywa kinapata ladha ya sarafu kwa muda mfupi, basi. Wengine kichefuchefu kidogo. Mimi sikupata. Akihisi kuwashwa, au koo kubana, au pale penye sindano pamechoma na kuvimba, abinye mpira mara moja, asivumilie. Wakimaliza wanamkalisha kidogo wamwangalie, halafu anywe maji mengi, dawa itoke na mkojo. Na asitegemee kutoka na majibu mkononi. Picha zinasomwa na daktari mwingine, ndipo zinarudi kwa daktari wake. Wala asidhani mashine ni tiba. Niliwakuta pale watu wanaotoka wakijipapasa shingo, wanangoja wapone. Inaonyesha tu.

Kwangu imeonyesha. Uvimbe uling'aa wote, mweupe kama taa, hata mimi nisiyejua kitu niliuona. Umelalia mshipa mkubwa wa damu, na ule mshipa wa fahamu unaotoa sauti umezungukwa. Daktari hadhani ni ugonjwa ule mbaya kabisa, lakini hawezi kuapa mpaka utolewe ukapimwe. Utatolewa wiki ijayo. Mshipa wa damu anatumaini kuuokoa. Wa sauti haahidi.

Nilimuuliza, "Kama ningekubali dawa siku ile ya kwanza, tukawahi?"

Akasema, "Labda."

Saidi alikuwa amekaa pembeni yangu, amesikia. Angeweza kusema nilikwambia. Hakusema njiani, hakusema nyumbani, mpaka leo hajasema. Jana nilimwambia, "Sema tu, nitasikia vizuri." Akanijibu, "Zuhura, hata mimi nilimnunulia beseni."

Kwa hiyo mlete Shemeji, dada. Mkono unaokufa ganzi na kudondosha nyundo si mambo ya kusubiri, na daktari wenu hakumwandikia kipimo kwa kumtisha. Mje wote wawili, Saidi atawapokea stendi. Mtalala chumbani kwetu, sisi tutajibana kwa jirani. Mje kabla sijaingia chumba cha upasuaji kama basi litawahi kivuko. Nataka unisikie ninavyoongea sasa, hata hivi kwa kukwaruza, kwa sababu sijui baadaye nitakuwa naongea vipi, au kama nitakuwa naongea.

Nisalimie Mjomba Athumani wa pale msikitini, mwambie aniombee bila kuuliza ni kwa ajili ya nini. Nisalimie shangazi yetu mwenye mkono wa dawa, na umshukuru kwa mizizi yake, ingawa sijaichemsha. Nibusie wanao wote, Fatuma mwambie mama yake mdogo amemwekea kitenge cha kijani. Shemeji mpe salamu zake za heshima, umwambie nimemsema sana humu lakini ni kwa upendo.

Na Mama. Mama hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na mjukuu, asije akajua leo kwamba hayupo. Akikuuliza nimeandika nini mpaka karatasi zikawa nyingi hivi, mwambie naumwa shingo.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura